Kwa mnaoanza kuwasoma Mababa wa Kanisa: anzeni na mtu, serikali itafuata

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, mafrateri wa mwaka wa kwanza wa falsafa na wanafunzi wa vyuo wanaochukua historia ya fikra za Kikristo hukutana na swali lile lile: "Jadili mtazamo wa Mababa wa Kanisa kuhusu serikali," yaani waandishi na walimu wa Kikristo wa karne za kwanza. Na kila mwaka insha zinazomfikia msahihishaji zinafanana, utadhani zimetoka kwenye desa moja. Paulo kasema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Tertuliani kasema damu ya Wakristo ni mbegu. Augustino kasema falme zisizo na haki ni magenge ya majambazi. Hitimisho: Kanisa na serikali vishirikiane kwa maendeleo ya jamii. Alama ya kufaulu inapatikana, ila hakuna kitabu kilichofunguliwa.

Insha hizo nimezisahihisha za kutosha, na vikundi vya usomaji nimeviongoza vya kutosha, hata nikafikia msimamo ambao ningependa ninyi wageni wa somo hili muuchukue mapema. Anachosema Baba wa Kanisa juu ya mtawala kinatoka kwenye anachoamini juu ya binadamu: kaumbwaje, kaharibikia wapi, na anatibika kwa kiasi gani hapa duniani. Ukianzia kwa mtawala utaondoka na nukuu. Ukianzia kwa binadamu, habari ya mtawala itajileta yenyewe, tena mara nyingi kwa sura ambayo hukuitegemea.

Lakini kabla ya hapo, futeni vichwani maneno "Mababa walisema". Yustino, mwanafalsafa aliyekuwa Mkristo, alimwandikia Kaisari Antonino Pio utetezi wake karibu mwaka 155. Augustino alifariki tarehe 28 Agosti 430, mji wa Hippo, alikokuwa askofu, ukiwa umezingirwa na Wavandali. Hapo katikati kuna miaka 275 hivi, na katika miaka hiyo Mkristo alitoka kwenye kuuawa kwa kosa la kuitwa Mkristo tu, akafika mahali ambapo sheria za Kaisari zinamlinda yeye na kuwabana wengine. Watu waliosimama pande mbili za mageuzi makubwa namna hiyo hawawezi kusema neno moja juu ya dola, hata wakinukuu mstari ule ule wa Paulo.

Kwa hiyo kila unapofungua maandishi, uliza: huyu anamwandikia nani, na huyo anayeandikiwa anaweza kumfanya nini? Yustino anaandika kama mtu anayepeleka malalamiko yake kwa mwenye nchi. Kodi, anasema, sisi tunalipa mbele ya wote; kuabudu, tunamwabudu Mungu peke yake; katika mengine yote tunakutumikia kwa furaha. Karibu mwaka 165 alikatwa kichwa Roma, na aliyemhukumu alikuwa Junius Rusticus, yule yule aliyemfundisha Kaisari Marcus Aurelius falsafa ya Wastoa. Mwanafalsafa alihukumiwa na mwanafalsafa, chini ya Kaisari mwanafalsafa. (Wanaoamini kwamba wasomi wakishika madaraka mambo yatanyooka, walitafakari hilo.)

Sasa mweke pembeni yake Eusebi, askofu wa Kaisaria. Mwaka 336 anahutubia kwenye kasri kusherehekea miaka 30 ya utawala wa Konstantino, na anasema ufalme wa duniani ni taswira ya ule wa mbinguni: Mungu mmoja, Kaisari mmoja. Wanafunzi humwita chawa papo hapo. Taratibu. Mwalimu wake Pamfilo aliuawa mwaka 310 katika dhuluma ambayo Eusebi aliishuhudia huko huko Palestina, Wakristo wakitobolewa jicho la kulia, wakilemazwa mguu na kupelekwa migodini. Aliyeyaona hayo, kisha akamwona Kaisari anayejenga makanisa badala ya kuyabomoa, ana sababu ya kufurahi kupita kiasi. Mimi naona alikosea. Ila kosa lake lina historia, na insha isiyoijua historia hiyo haina haki ya kumcheka.

Sasa tumrudie binadamu.

Ireneo, askofu wa Lyon, aliandika karibu mwaka 180 kitabu chake kirefu dhidi ya uzushi. Kwake Adamu aliumbwa akiwa kama mtoto: mwema, lakini hajakomaa. Historia nzima ya wokovu ni malezi, na utukufu wa Mungu ni mtu aliye hai. Mtu wa namna hiyo anahitaji serikali ya nini? Jibu liko kitabu cha 5, sura ya 24. Watu walipomwacha Mungu walifikia kumwona hata ndugu wa damu kuwa adui. Basi utawala wa kidunia ukawekwa ili hofu ya sheria iwazuie wasimezane kama samaki. Sisi tuliokua tukisikia kwamba samaki mkubwa humla mdogo hapo hatuhitaji maelezo. Angalieni lakini anachoongeza: watawala nao watahukumiwa kwa kila walichotenda kinyume cha haki. Serikali ya Ireneo ni uzio wa kuwalinda watoto wasiumizane. Haimfanyi mtu kuwa mwema, na mlinzi wa uzio huo hana kinga mbele ya Mungu.

Yohane Krisostomo ana jambo lingine la kuwafaa mnaosumbuliwa na Warumi 13, pale Paulo anaposema hakuna mamlaka isiyotoka kwa Mungu. Katika mahubiri yake ya 23 juu ya waraka huo anajiuliza waziwazi: je, kila mtawala amechaguliwa na Mungu? Anajibu kwamba hilo hasemi. Anachozungumzia ni utawala wenyewe kuwepo, wala hamzungumzii mtawala mmoja mmoja. Anatoa mfano wa Mithali inayosema mke hutoka kwa Bwana: maana yake Mungu ameiweka ndoa, wala haina maana kwamba kila waliooana wameunganishwa na Mungu. Mhubiri huyu baadaye alipelekwa uhamishoni na Kaisari mwaka 404, akafia njiani mwaka 407. Someni mahubiri hayo mkilijua hilo, hata kama aliyatoa zamani kabla ya yaliyompata.

Kisha fungueni Maungamo ya Augustino, kitabu cha 2. Hapa ndipo nitakapowaweka kwa muda.

Augustino ana miaka 16. Yuko nyumbani Thagaste, mji ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Masomo yamesimama kwa sababu baba yake anatafuta fedha za kumpeleka Karthago. Karibu na shamba lao la mizabibu palikuwa na mpeasi wenye matunda yasiyovutia kwa sura wala kwa ladha. Usiku, yeye na vijana wenzake wakaenda, wakautikisa, wakaondoka na mzigo mkubwa. Walionja machache, mengine wakawatupia nguruwe. Na nyumbani kwao mapeasi mazuri kuliko hayo yalikuwepo tele.

Darasa hucheka hapa. Askofu mzima, ana mambo mazito ya kuungama na atayataja, anatumia kurasa zote hizi kulilia mapeasi! Ushauri wangu ni msiruke. Someni sura ya 4 hadi ya 10 polepole, mkifuata jinsi anavyozikagua sababu moja baada ya nyingine. Muuaji huua kwa kutamani mke wa mtu au shamba lake, au kwa kulipiza kisasi. Hata Katilina, yule mhaini wa Roma ambaye kila mwanafunzi wa enzi hizo alimsoma shuleni, hakuupenda uovu wenyewe. Alipenda vile ambavyo uovu ungempatia. Mimi je, anajiuliza Augustino? Njaa sikuwa nayo. Mapeasi sikuyataka. Anazidi kuchimba mpaka anafika kwenye jambo analolirudia kwa mshangao: peke yangu nisingefanya. Walikuwa kundi, na mmoja akishasema "twendeni", linalobaki kuwa aibu ni kukosa ujasiri wa kutokuwa na aibu.

Ukisoma hivyo utaona kwamba hii si hadithi ya wizi wa matunda. Ni uchunguzi wa jinsi watu wanavyofungamana kwa kukipenda kitu kimoja, hata kitu hicho kikiwa upuuzi mtupu. Uwekeeni alama ukurasa huo. Miaka 25 na zaidi baadaye Augustino atakapoeleza taifa ni nini, mtalikuta lile kundi la usiku limerudi likiwa limevaa mavazi ya dola.

Kati ya hapo na hapo anaingia Pelagius, na ndipo insha nyingi zinapoharibika. Madesa yanasema Pelagius alikana dhambi ya asili na kudharau neema, basi wanafunzi wanamchora kama mlegevu aliyewaruhusu watu wafanye watakavyo. Kinyume kabisa. Pelagius alitoka Britania, akaishi Roma maisha ya kujinyima, na kilichomkera ni Wakristo wa mjini waliojificha nyuma ya udhaifu wao. Siku moja akasikia ikinukuliwa mbele yake sentensi kutoka Maungamo, kitabu cha 10, ambapo Augustino anamwambia Mungu: toa unachoamuru, kisha amuru utakacho. Hakuvumilia, kama anavyosimulia Augustino mwenyewe. Unaelewa kwa nini. Kama hata utii ni zawadi ya Mungu, mvivu anaachiwa kisingizio kizuri mno.

Tafuteni barua ya Pelagius kwa Demetria, msichana wa ukoo mkubwa wa Roma aliyechagua maisha ya ubikira. Mwanzoni tu anasema kwamba anapofundisha maadili, kwanza humwonyesha mtu nguvu iliyomo katika maumbile yake, maana hakuna atakayeianza safari asiyo na tumaini la kuimaliza. Ni sauti ya mwalimu mzuri. Nimewaona wanafunzi wakimaliza barua hiyo wakiwa upande wa Pelagius kwa moyo wote, na sikuwazuia. Bila kuvutwa kidogo na Pelagius hutaelewa Augustino alikuwa anapigana na nini. Sinodi ya Diospoli huko Palestina ilimwachilia mwaka 415. Mtaguso wa Karthago ukayalaani mafundisho yake mwaka 418. Tarehe mtazikuta kila mahali. Ninachotaka mkiangalie ni matokeo yake kwa siasa. Kama Pelagius ana haki, basi mtu mbaya ni mbaya kwa kutaka, hana udhuru, na mtawala au askofu anaweza kudai ukamilifu na kuadhibu upungufu. Kama Augustino ana haki, wote tumejeruhiwa pamoja na hakimu, pamoja na askofu, na serikali inayodai kuwatengeneza watu wakamilifu inajidanganya. Mafundisho yanayoonekana ya kukatisha tamaa ndiyo yanayompunguzia mtawala majivuno.

Sasa Mji wa Mungu, kitabu kikubwa cha Augustino. Tarehe 24 Agosti 410 Wavisigothi wa Alariki waliingia Roma na kuipora. Wakimbizi matajiri walivuka bahari mpaka Afrika, na lawama zikavuka nao: miungu ya zamani iliilinda Roma, tukaiacha, haya ndiyo malipo. Augustino akaanza kujibu mwaka 413 na kumaliza mwaka 426, vitabu 22. Mtu asiwadanganye kwamba mtavisoma vyote muhula wa kwanza. Vitabu 10 vya mwanzo vinashughulika na miungu ya Roma na wanafalsafa wake, na mwanafunzi anayeanzia ukurasa wa kwanza kwa kawaida huishia kitabu cha 3, kwenye orodha ya misiba ya Roma.

Ile nukuu ya majambazi iko kitabu cha 4, sura ya 4. Ukiondoa haki, anauliza, falme ni nini kama si ujambazi mkubwa? Anaisimulia hapo habari ya mharamia aliyekamatwa na Aleksanda Mkuu. Aliulizwa kwa nini anasumbua bahari, akajibu: kwa sababu ile ile inayokufanya wewe uusumbue ulimwengu, ila mimi nina kijimashua naitwa jambazi, wewe una meli nyingi unaitwa mfalme. Habari hiyo Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma, alikwisha kuisimulia kabla yake. Wanafunzi wengi wanaishia hapo, wanaifanya kaulimbiu, wanakwenda kulala.

Endeleeni hadi kitabu cha 19. Sura ya 21 anachukua maelezo ya Cicero kwamba taifa ni mkusanyiko wa watu waliounganishwa na makubaliano juu ya haki. Haki ni kumpa kila mmoja stahiki yake. Roma haikumpa Mungu wa kweli stahiki yake. Basi, kwa kipimo cha Cicero mwenyewe, Roma haikuwahi kuwa taifa hata siku moja. Mtu mwenye hasira angeiacha hoja hapo, maana ameshinda. Augustino haachi. Sura ya 24 anakitupa kipimo hicho na kuweka kingine: taifa ni mkusanyiko wa viumbe wenye akili waliounganishwa kwa kukubaliana juu ya vitu wanavyovipenda. Ukitaka kujua taifa fulani ni la namna gani, angalia linapenda nini. Kwa kipimo hiki Roma ni taifa, Athene ni taifa, hata Misri na Babeli. Ubora wao unatofautiana kadiri ya vitu wanavyovipenda.

Mnaliona lile kundi la Thagaste?

Hapa ndipo Augustino anapoachana na Eusebi. Dola ambayo kiungo chake ni mapenzi ya pamoja ya watu waliojeruhiwa haiwezi kuwa taswira ya ufalme wa mbinguni, hata Kaisari akibatizwa. Inaweza kutunza amani ya kiasi. Amani hiyo ni kitu chema kweli, na sura ya 17 inasema mji wa mbinguni ukiwa safarini unaitumia bila kujali tofauti za mila, sheria na desturi za nchi, mradi ibada ya Mungu haizuiwi. Zaidi ya hapo Kaisari asidai.

Kama mna nafasi ya kusoma sura moja tu ya kitabu chote, someni sura ya 6 ya kitabu hicho cha 19. Ni fupi, na haimo katika desa lolote nililowahi kuliona. Hakimu hawezi kuiona dhamiri ya anayemhukumu. Kwa hiyo, kwa desturi ya mahakama za Roma, anawatesa mashahidi wasio na kosa ili wamweleze habari ya kesi ya mtu mwingine. Anamtesa mshitakiwa ili asije akamuua asiye na hatia kwa kutojua. Mshitakiwa, akishindwa maumivu, anachagua kufa na kukiri asichokitenda. Anauawa. Na hakimu bado hajui kama amemuua mwenye hatia au asiye na hatia, wakati alimtesa kwa lengo la kujua. Katika giza hilo, anauliza Augustino, mtu mwenye hekima atakikalia kiti cha hakimu au atakikimbia? Wengi hutegemea jibu la pili. Anajibu: atakikalia, maana jamii inamdai, na kuikimbia anaona ni kosa. Ila, kama ana utu, ataichukia hali hiyo ya kulazimika, na atalia kama Zaburi ya 25 atolewe katika dhiki zake.

Aliyeandika hivyo alikuwa hakimu. Sheria za Kaisari ziliwaruhusu maaskofu kusikiliza mashauri, na Posidi, aliyeishi naye na kuandika maisha yake, anasema Augustino alisikiliza kesi mpaka saa ya chakula, na siku nyingine alikaa bila kula kutwa nzima. Mirathi, mipaka ya mashamba, madeni. Kisha wekeni karibu barua ya 133, aliyomwandikia Marselino, mjumbe wa Kaisari, baada ya baadhi ya Wadonati, yaani Wakristo wa Afrika waliojitenga na Kanisa Katoliki, kukiri kwamba waliwaua na kuwajeruhi makasisi wake. Anaomba wasiuawe wala wasikatwe viungo. Katika barua hiyo hiyo anamsifu Marselino kwa kupata maungamo yao bila kuwanyoosha kwenye mitambo ya mateso wala kuwachoma moto, bali kwa viboko, adhabu ambayo, anasema, waalimu huitumia, wazazi huitumia, na mara nyingi hata maaskofu katika mahakama zao. Msiipake rangi sentensi hiyo. Ndivyo huruma ya mwaka 411 au 412 ilivyoonekana kwa karibu.

Hilo linatupeleka kwenye jambo ambalo wanaompenda Augustino huliruka. Mwanzoni alishikilia kwamba mtu asilazimishwe kuingia katika umoja wa Kanisa. Katika barua ya 93, ya mwaka 408 hivi, anaeleza kwa nini amebadilika: wenzake walimwonyesha miji iliyoacha Udonati kwa kuogopa sheria za Kaisari, ukiwemo mji wake wa kuzaliwa, na sasa inaonekana haikuwahi kuwa na Udonati. Humo humo anautumia mfano wa karamu katika Luka 14, "ukawashurutishe kuingia ndani". Someni barua hiyo yote kabla ya kumtetea au kumlaani. Halafu wekeni mbele yake Waafrika wenzake wawili. Tertuliani, akimwandikia liwali Skapula karibu mwaka 212, anasema ni haki ya binadamu na uwezo wake wa asili kila mtu aabudu anavyoona. Laktansi, karne moja baadaye, anasema dini hutetewa kwa kufa, haitetewi kwa kuua. Mbona wote watatu ni wa Afrika Kaskazini na wanasoma Biblia moja? Rudini kwenye lile swali la nani anamwandikia nani. Wawili wanamwandikia mwenye upanga. Wa tatu ana rafiki mwenye upanga. Na hapa anthropolojia ya Augustino, yaani mtazamo wake juu ya binadamu, niliyoisifu hapo juu, inamsaliti: kama mtu hawezi kujitoa mwenyewe kwenye mazoea mabaya, basi msukumo wa nje unaweza kuitwa dawa.

Kwa Ambrosi, askofu wa Milano, nitapita haraka, kwa kuwa habari yake mnaijua nusu. Mwaka 390 alimzuia Kaisari Theodosius asishiriki Ekaristi mpaka atubu kwa mauaji ya watu wa Thesalonike yaliyofanywa na askari wake, na Kaisari akatubu. Ni tukio kubwa kweli. Nusu ya pili ni ya mwaka 388: Wakristo walichoma sinagogi huko Kalinikum, karibu na mto Frati, Kaisari akaamuru askofu wa pale agharimie kulijenga upya, Ambrosi akambana madhabahuni mpaka amri ikafutwa. Askofu ni yule yule, na nguvu anayoitumia ni ile ile. Insha inayotaja tukio la 390 bila la 388 mimi huipunguzia alama.

Juu ya utumwa msikubali kuambiwa kwamba "watu wa enzi zile hawakujua". Gregori wa Nisa, huko Kapadokia karibu mwaka 380, katika mahubiri ya nne juu ya kitabu cha Mhubiri, anamgeukia tajiri anayejisifu kwa kununua watumwa na kumuuliza bei: ulilipa senti ngapi kwa sura ya Mungu? Ni karatasi gani ya mauzo inayotosha kumhamisha mtu ambaye Mungu alimkabidhi dunia nzima aitawale? Anaipinga biashara yenyewe, na hoja yake yote inatoka kwenye alivyoumbwa mtu. Augustino, kitabu cha 19 sura ya 15, anakubali nusu ya hoja hiyo: kwa maumbile hakuna mtumwa, Mungu alimpa mtu utawala juu ya wanyama, hakumpa utawala juu ya mtu. Utumwa umeletwa na dhambi. Lakini kwa kuwa ni adhabu ya dhambi, mtumwa atii. Mnaona jinsi msingi unaokaribia kuwa mmoja unavyozaa majengo mawili.

Na bado habari ya utumwa haijaisha. Kuna barua za Augustino ambazo mtafiti Johannes Divjak alizigundua, kisha akazichapisha mwaka 1981. Mojawapo, ya miaka ya mwisho ya Augustino, anamweleza rafiki yake Alipi jinsi wafanyabiashara wa watumwa walivyovamia vijiji vya ndani, wakiwateka watu huru na kuwapakia melini Hippo. Anataja mwanamke wa mjini aliyewarubuni wengine kwa kisingizio cha kununua kuni. Waumini wa Hippo, askofu wao akiwa hayupo, waliwaokoa watu 120 hivi, wengine wakiwa tayari melini. Walipohojiwa, waliouzwa na wazazi wao walikuwa watano au sita tu. Waliobaki wote walitekwa. Tunapenda sana kusema Augustino ni Mwafrika mwenzetu, tunaweka picha yake ukutani, basi. Mwenye hamu hiyo aanze na barua hii.

Sasa mambo ya kazi. Tafsiri nyingi za Kiingereza za karne ya 19 zinapatikana bure mtandaoni. Kiingereza chake ni kizito, lakini zinatosha kwa kuanzia, na jioni mkijadili kwa Kiswahili mtajikuta mmeelewa zaidi ya aliyekariri tafsiri ya kisasa. Katika rejea andikeni namba ya kitabu na ya sura, msiandike kurasa, maana kurasa hubadilika kila toleo. Someni kwa mpangilio huu: Maungamo kitabu cha 2, barua ya Pelagius kwa Demetria, Ireneo kitabu cha 5 sura ya 24, Krisostomo juu ya Warumi 13, kisha Mji wa Mungu kitabu cha 19 chote kabla ya kugusa cha 1. Mkimaliza cha 19, nendeni cha 5 sura ya 24, mwone sifa za Kaisari anayeitwa mwenye heri, kisha muamue wenyewe kama zinapatana na mlichosoma.

Barua ziacheni mwisho. Ile ya Divjak huandikwa kwa nyota, 10*, na hiyo nyota msiidondoshe kwenye rejea: barua ya 10 isiyo na nyota ni nyingine kabisa, kijana Augustino akimwandikia rafiki yake Nebridi, na haina mtumwa hata mmoja.